Siku Thelathini za Februari

Kati ya tarehe 15 Februari na tarehe 15 Machi kuna siku ngapi? Mtoto wa darasa la nne atakujibu 28, na akiwa mjanja ataongeza kwamba mwaka mrefu zinakuwa 29. Kompyuta itajibu hivyohivyo. Lakini katikati ya miaka ya 1980 huko Marekani alikuwepo mteja mmoja, mtu wa biashara ya hati fungani, aliyelalamika kwamba programu aliyouziwa haijui kuhesabu siku. Yeye alitaka jibu liwe 30.

Hakuwa amechanganyikiwa. Kwa desturi ya soko lake, riba ya hati fungani nyingi huhesabiwa kana kwamba kila mwezi una siku 30 na mwaka mzima una siku 360. Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza hatuna haki ya kumcheka. Saa moja yetu asubuhi ni saa saba ya simu zetu, na hakuna kati yetu anayeamini kwamba simu ndiyo inayosema kweli na bibi yake anasema uongo. Kalenda na saa ni makubaliano, na kila soko na kila kijiji kina makubaliano yake.

Malalamiko hayo yalimfikia Michael Stonebraker, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye kampuni aliyoshiriki kuianzisha ilikuwa inauza mfumo wa hifadhidata uitwao Ingres. Amekisimulia kisa hiki mara nyingi. Mteja hakuomba mambo makubwa. Aliomba aruhusiwe kubadilisha maana ya alama moja tu, alama ya kutoa, pale inapotumika kati ya tarehe mbili. Jibu likawa haiwezekani. Maana ya kutoa ilikuwa imefungiwa ndani kabisa ya programu, mahali ambapo mteja hawezi kufika. Kama anataka hesabu yake, basi azitoe tarehe zote nje ya hifadhidata, azihesabu mwenyewe, kisha azirudishe.

Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nililikumbuka neno kiplefti. Madereva wa Tanzania wanalijua: ni ule mzunguko wa barabara ambao zamani ulikuwa na kibao cha Kiingereza cha kuwaamuru wapite kushoto. Watu wakalichukua lile agizo, wakasikia "ki" mwanzoni mwake, wakaliingiza kwenye ngeli ya kiti na kisu. Kwa hiyo kimoja ni kiplefti, viwili ni viplefti. Kiplefti kikubwa kimejaa magari, viplefti vidogo vimejaa magari. Kitabu kilipita njia hiyo karne nyingi kabla: kwa Mwarabu ile "ki" ni sehemu ya shina, lakini Mswahili aliiona kuwa ni kiambishi, akapata vitabu. Hakuna baraza lililokaa kubadilisha sarufi. Neno likishapata ngeli, kivumishi, kitenzi na kionyeshi vyote vinajua vifanye nini nalo. Orodha ya kanuni ni fupi na imefungwa, ila orodha ya maneno iko wazi, na neno geni likishaingia halibaguliwi na yale ya kuzaliwa nayo.

Hifadhidata za wakati ule zilikuwa kama lugha isiyopokea maneno mapya. Zilijua namba, zilijua herufi, baadaye zikafundishwa tarehe. Ukija na kitu kingine chochote, iwe ramani ya kiwanja, picha ya mapafu au kalenda ya hati fungani, ulipaswa kukikatakata mpaka kifanane na namba na herufi. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya watu waliojaribu kuipa hifadhidata ngeli.

*

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyobadilisha kazi yote hii. Kabla yake, aliyetaka taarifa kutoka kwenye kompyuta alilazimika kujua zimewekwa wapi na kuzifuata kutoka kielekezi hadi kielekezi, kama mgeni anayetafuta nyumba uswahilini: pita kwa fundi cherehani, kata kulia penye bomba, uliza dukani. Fundi cherehani akihama, umepotea. Codd alipendekeza kila kitu kiwekwe kwenye majedwali ya mistari na safu wima, na mtu aseme anataka nini bila kusema njia ya kukifikia. Njia itafutwe na mashine yenyewe.

Mwaka 1973 Stonebraker na mwenzake Eugene Wong walianza kulijenga wazo hilo pale Berkeley. Mfumo wakauita INGRES. Jina hilo ni la mchoraji wa Kifaransa, lakini pia lilikuwa ufupisho wa maneno yaliyotaja michoro, kwa sababu miongoni mwa waliouchochea mradi walikuwa wachumi wa miji waliotaka kuhifadhi data za kijiografia. Ahadi ya michoro haikutimia. Majedwali yalishika vizuri mishahara, akiba za benki na orodha za bidhaa. Ramani yaliishindwa. Kiwanja chenye kona saba kinakuwa mistari saba ya namba kwenye jedwali, na ukiuliza kama viwanja viwili vinapishana unaandika swali refu ambalo mashine inalijibu polepole, maana yenyewe haijui kwamba zile namba ni kiwanja. Mtu wa hati fungani alipokuja na Februari yake ya siku 30, Stonebraker alikuwa tayari anadaiwa deni la ramani kwa zaidi ya miaka 10.

*

Wakati huohuo, upande wa pili wa bahari, wazo jingine lilikuwa limeshakua. Katika miaka ya 1960, kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Walikuwa wanataka kuiga mambo ya dunia ndani ya mashine, kama meli zinazoingia bandarini na foleni za watu dirishani. Wakaona inafaa kuifunga meli pamoja na matendo yake: uzito wake, safari yake, na namna inavyotia nanga, vyote katika kifurushi kimoja. Kifurushi hicho wakakiita kitu. Vitu vya namna moja vina aina yao, na aina moja inaweza kurithi sifa za nyingine, kama jahazi linavyorithi kila kilicho cha chombo cha majini kisha kuongeza tanga lake.

Kufikia miaka ya 1980 waandishi wengi wa programu walikuwa wanafikiri kwa vitu, lakini hifadhidata bado ilidai majedwali. Kwa hiyo programu ikifungwa, vitu vyake vilivunjwavunjwa, na ikifunguliwa vikaundwa upya. Ni kama maisha ya mama lishe asiye na banda la kudumu. Jioni nguzo zinapelekwa kule, turubai linakunjwa, masufuria yanalazwa kwa jirani. Asubuhi kazi ya kwanza si kupika, ni kujenga.

Basi ikazaliwa hamu ya hifadhidata inayohifadhi vitu vikiwa vizima. Mwaka 1984 George Copeland na David Maier waliandika jinsi ya kuifanya lugha ya Smalltalk iwe hifadhidata, na kutoka huko ukatokea mfumo wa GemStone. Texas kulikuwa na ORION, Ufaransa kulikuwa na O2, na Massachusetts ilianzishwa kampuni iliyouza ObjectStore. Desemba 1989 watafiti sita, akiwemo Maier na Mfaransa François Bancilhon, walipeleka tamko kwenye mkutano uliofanyika Kyoto, Japani. Waliorodhesha mambo 13 ambayo mfumo lazima uwe nayo ndipo ustahili kuitwa hifadhidata ya vitu, na waliyaandika kwa lugha ya amri za Musa. Moja linatuhusu hapa: mtumiaji aweze kuunda aina mpya, na kusiwe na tofauti ya matumizi kati ya aina zilizokuja na mfumo na zile alizounda yeye. Kwa maneno mengine, kiplefti kitendewe sawa na kisu.

Mwaka uliofuata likaja jibu. Stonebraker, Rowe na wenzao sita walitoa tamko lao, nalo likiwa na hoja 13, bila shaka kwa makusudi. Hawakupinga vitu wala aina mpya. Walichokataa ni kutupa kile alicholeta Codd. Wenye hifadhidata za vitu walikuwa wanamrudisha mtu kufuata vielekezi, kutoka kitu hadi kitu, yaani kurudi kwa fundi cherehani na bomba. Stonebraker na wenzake walitaka mtu aendelee kuuliza anachotaka na mashine itafute njia, ila sasa swali liweze kuhusu ramani, picha au kalenda ya ajabu.

Ukiyaweka matamko hayo mawili pamoja utaona kwamba pande zote zilikubaliana mlango uachwe wazi. Ugomvi ulikuwa ni wazi kwa nani. Kundi la kwanza lilimfungulia mwandishi wa programu: chochote anachoweza kukitaja katika lugha yake, hifadhidata ikipokee kilivyo. Kundi la pili lilimfungulia mtu atakayekuja kuuliza baadaye, ambaye huenda hajui programu ya kwanza iliandikwa kwa lugha gani.

*

Mfumo wa kundi la pili uliitwa POSTGRES, yaani kilichokuja baada ya Ingres. Stonebraker na Lawrence Rowe walieleza usanifu wake mwaka 1986. Moja ya malengo waliyoyataja ni kumwezesha mtumiaji kuongeza aina za data, alama za hesabu na njia za kutafuta. Mwaka 1988 waliuonyesha mfumo wenyewe mbele ya wenzao, na mwaka 1989 toleo la kwanza likapewa watumiaji wachache wa nje.

Ujanja wake unaeleweka bila kuwa fundi. Mfumo wowote wa hifadhidata una daftari lake la ndani linalosema majedwali gani yapo na safu zipi. POSTGRES ilipanua daftari hilo. Aina za data zikawa mistari ndani ya jedwali. Alama za kujumlisha, kutoa na kulinganisha zikawa mistari ndani ya jedwali jingine. Injini ilipokutana na alama ya kutoa kati ya vitu viwili, haikuwa na jibu kichwani; ilikwenda kwenye daftari kuuliza, kwa aina hii, kutoa ni nini? Ikapewa jina la msimbo wa kuendesha. Kuongeza aina mpya kukawa ni kuongeza mistari, na mtu wa hati fungani akaweza kusajili tarehe yake yenye kutoa kwake.

Lakini aina mpya haiingii mikono mitupu. Kama nomino inavyopaswa kuonyesha upatanisho wake, aina mpya inapaswa kujibu maswali machache ya injini. Ukiandikwa, unasomwaje? Ukionyeshwa, unaandikwaje? Ukitaka kupangwa kwa mfuatano, je, kati ya wawili wenu nani anatangulia? Kwa swali hilo moja la mwisho, injini inaweza kuijengea aina yoyote faharasa ya kutafutia haraka, hata kama haijui kabisa aina hiyo inamaanisha nini duniani. Haina haja ya kujua. Inaahidiwa tu kwamba majibu yatakuwa na mantiki: A akimtangulia B, na B akimtangulia C, basi A anamtangulia C.

Ramani ndiyo iliyokuwa kikwazo, kwa sababu viwanja havipangiki kwa mfuatano. Kati ya Kariakoo na Magomeni, nani anatangulia? Mwaka 1984 Antonin Guttman, mwanafunzi pale Berkeley, alibuni mti wa masanduku: kila umbo likae ndani ya sanduku la mstatili, masanduku machache yakae ndani ya sanduku kubwa zaidi, na kadhalika hadi juu. Ni mpango tunaoujua, wa mtaa ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa. Ukitafuta nyumba ya Tandale hupotezi muda kufungua mkoa wa Kigoma. Mwaka 1995 Joseph Hellerstein, Jeffrey Naughton na Avi Pfeffer walilichukua wazo hilo wakalivua ramani. Walitengeneza mti wa jumla unaojulikana kwa kifupi kama GiST, ambao nao unauliza aina mpya maswali machache tu. Je, katika tawi hili kunaweza kuwa na ninachokitafuta? Sanduku linalowatosha hawa wote ni lipi? Nikimwongeza huyu hapa, nitaharibu kiasi gani? Tawi likijaa, niligawe vipi? Yeyote mwenye majibu anapata mti wake, awe na viwanja au kitu kingine kabisa. Mti huu tutakutana nao tena.

*

Biashara ilikwenda kombo kwa pande zote mbili. Stonebraker aliigeuza POSTGRES kuwa kampuni, Illustra, iliyouza injini kama mpini wa wembe na aina mpya kama nyembe za kubadilisha: wembe wa ramani, wembe wa picha, wembe wa mfululizo wa nyakati. Mwaka 1996 Illustra ilimezwa na Informix, na mwaka 2001 hifadhidata za Informix zikanunuliwa na IBM. Hifadhidata za vitu nazo zilipata nafasi zao katika uchoraji wa kihandisi, simu na maabara za fizikia, lakini soko kubwa halikuzifuata. Vitu vilivyohifadhiwa vikiwa vizima vilikuwa vitamu kwa programu iliyoviumba na vigumu kwa nyingine zote. Muundo ukibadilika, maelfu ya vitu vya zamani yalibaki na umbo la jana.

Kilichookoka ni kile kilichotolewa bure. Mradi wa chuo ulifungwa na toleo la 4.2, lakini mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiwekea POSTGRES lugha ya SQL, na mwaka 1996 watu wa kujitolea walioichukua wakaibatiza PostgreSQL. Wengi wao hawakuwahi kuonana. Oleg Bartunov, mtaalamu wa nyota wa Moscow, na mwenzake Teodor Sigaev waliuchukua ule mti wa jumla na kuuendeleza kwa miaka mingi. Mwaka 2001 kampuni moja ya Victoria, Kanada, iitwayo Refractions Research ikatoa PostGIS, kiendelezi kinachoipa PostgreSQL nukta, mistari na maumbo. Deni la 1973 likalipwa na watu ambao hawakulikopa.

Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanza kutembea kata zinazofurika katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro na nyumba, kazi yao iliingia OpenStreetMap. Hifadhidata kuu ya OpenStreetMap ni PostgreSQL, na picha za ramani unazoziona kwenye tovuti yake huchorwa kwa msaada wa PostGIS. Nyumba ya Tandale isiyo na namba wala jina la barabara ina umbo, na umbo ni aina. Kuuliza kama imo ndani ya eneo la mafuriko ni swali la mstari mmoja.

*

Ningependa kuishia hapo, kwenye ushindi, lakini nina kisa changu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika programu ya usajili wa wagonjwa kwa zahanati moja ya pwani. Nilitumia PostgreSQL. Kwenye safu ya tarehe ya kuzaliwa niliweka aina ya tarehe, nikaongeza sharti kwamba isiachwe wazi. Nilijiona makini. Baada ya miezi michache tuliandaa ripoti ya umri wa wagonjwa, na ikaonekana kwamba wazee wa eneo lile karibu wote walizaliwa tarehe 1 Januari.

Nilikwenda kukaa dirishani na msajili. Akaja bibi mmoja na khanga zake mbili. Msajili akamwamkia, akamuuliza, "Bibi, ulizaliwa lini?"

"Mwaka wa mafuriko makubwa, mjukuu wangu. Kabla ya masika. Mama yangu alikuwa bado anapalilia."

Msajili akanitazama, akatazama kisanduku changu, akaandika tarehe 1 Januari ya mwaka aliokisia. Angefanya nini? Programu haikumpa njia ya kuendelea bila siku, mwezi na mwaka. Bibi alikuwa ametoa jibu sahihi kabisa, lenye mwanzo na mwisho, na mimi nikamlazimisha binti wa watu aligeuze kuwa uongo. Na uongo huo haukubaki kwenye karatasi. Dozi za baadhi ya dawa hutazama umri, na takwimu za kata hutazama umri pia.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, PostgreSQL ina aina iitwayo masafa: badala ya tarehe moja unahifadhi tangu lini hadi lini, kisha unaweza kuuliza masafa gani yanapishana na mengine, au yapi yanaigusa siku fulani. "Mwaka wa mafuriko, kabla ya masika" ni masafa. Na faharasa inayoyatafuta haraka hutumia uleule mti wa GiST, wa masanduku ndani ya masanduku, uliotokana na ramani. Watu wa Berkeley na Moscow walikuwa wameuacha mlango wazi kwa ajili ya bibi yule ambaye hawakumjua. Niliyeufunga ni mimi, mzaliwa wa pwani hiyohiyo, mwenye bibi anayetaja miaka kwa njaa na mvua zake.

Wengine walikuwa wameliona hilo kabla yangu, tena hapahapa jirani. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya tiba ya UKIMWI huko Eldoret, Kenya, ambako madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walishirikiana na wenzao wa Moi. Jedwali lake la watu lina safu inayosema kama tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Ni alama ya ndiyo au hapana tu, lakini imemsikiliza mzee. Mfumo huo kwa kawaida hutumia MySQL, si PostgreSQL, na upanuzi wake umewekwa mahali pengine: kwenye kamusi ya dhana. Kipimo kipya cha damu au swali jipya la daktari huongezwa kama ingizo jipya la kamusi, bila kugusa majedwali. Mhudumu wa afya mwenye mafunzo anaweza kulifanya hilo bila kumsubiri mwandishi wa programu.

Na kuna uzi mwingine unaorudi Oslo. Kristen Nygaard, mmoja wa waliobuni vitu, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway, akishikilia kwamba anayetumia mashine awe na sauti katika kuibuni. Baadaye mapokeo hayo yaliwafikia watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo waliofanya kazi ya taarifa za afya Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, na kutoka huko ukaja DHIS2. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania nayo inautumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoundeleza. Chini yake kuna PostgreSQL. Juu yake, ofisa wa wizara anaunda mwenyewe vipengele vya data anavyotaka vikusanywe. Wazo lililozaliwa Oslo na wazo lililolipinga kutoka Berkeley sasa hulala chumba kimoja, kwenye seva inayopokea idadi ya chanjo za kila wilaya.

*

Mlango wazi una gharama, na si haki kuuficha upande huo. Kiendelezi kilichoandikwa kwa lugha ya C huendeshwa ndani ya injini yenyewe, na kosa lake moja linaweza kuiangusha seva nzima. Ndiyo maana wanaokodisha PostgreSQL mtandaoni huruhusu viendelezi vya orodha yao tu. Hata ndani ya PostgreSQL si kila kilichofunguliwa kilizeeka vizuri. Urithi wa majedwali, ile sifa yake inayofanana zaidi na hifadhidata za vitu, upo tangu enzi za POSTGRES lakini una kasoro zinazojulikana: sharti la kutorudiwa kwa thamani uliloliweka kwa jedwali la mzazi haliwalindi watoto wake. Wengi waliutumia tu kugawa majedwali makubwa vipande, mpaka toleo la 10 la mwaka 2017 lilipoleta njia rasmi ya kugawa. Kilichodumu ni kile kidogo kisicho na mbwembwe, aina na maswali yake machache. Mwaka 2021 kikatoka kiendelezi cha kuhifadhi orodha ndefu za namba ambazo programu za akili bandia hutumia kulinganisha maana za maandishi. Injini ambayo usanifu wake uliandikwa mwaka 1986 iliwapokea wageni hao kwa kuwauliza maswali yaleyale.

Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba Stonebraker amepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Yule mtu wa hati fungani hatumjui jina.

Programu ya zahanati niliirekebisha. Ilinichukua siku mbili kubadilisha safu na wiki tatu kuzungumza na wasajili kuhusu namna ya kuuliza: si "ulizaliwa lini" tu, bali pia kulikuwa na nini mwaka huo, kabla au baada ya mvua, nani alikuwa amezaliwa tayari. Tulitengeneza jedwali dogo la matukio ya pale kijijini na masafa ya kila moja, na wazee wenyewe ndio waliolijaza, wakibishana sana kuhusu mwaka wa nzige. Zile tarehe 1 Januari za zamani hatukuweza kuzirekebisha zote. Zimebaki mle ndani, na kila nikitoa ripoti naziona zimejipanga kama mnara.